Sura ya Tisa: Kadi Saba Iliingia Mara Mbili

Kitasa kilifika kwa Fundi Mawimbi saa tatu asubuhi, kimo ndani ya mfuko wa nailoni wenye lakiri ya polisi, na kilikuwa kimekufa kabisa.

Sajini alikiweka mezani. Akatoa barua ya jaji, fomu ya makabidhiano na kalamu yake mwenyewe, maana kalamu za mafundi alishazijua, haziandiki mpaka zitishwe.

"Saini hapa kwamba umekipokea," alisema. "Hapa kwamba lakiri ilikuwa nzima. Na hapa kwamba hutakigusa mimi nisipokuwepo."

"Nikienda chooni je?"

"Nitakaa nacho."

"Na ukienda wewe?"

"Mimi sitakwenda."

Fundi alisaini mara tatu, ulimi nje kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa mzee mfupi, mstaafu wa mitambo ya redio, na jina la Mawimbi alilipata kwa sababu ya osiloskopu yake, mashine yenye kioo cha kijani inayochora umeme jinsi unavyopanda na kushuka. Alikuwa akikitazama kioo hicho zaidi kuliko watu wengine wanavyowatazama wake zao. Kila Jumamosi chumba chake hiki cha nyuma kilijaa watu wazima wenye kazi zao za heshima, mwalimu, dereva, muuguzi, waliokuja kufungua redio na vitasa na kuvifunga tena kwa kujifurahisha tu. Majirani walidhani ni kamari.

Kesi yenyewe haikuwa na maneno mengi. Miezi minane iliyopita, Jumapili mchana, mtunza stoo wa karakana ya kurekebisha vipimo vya umeme alikutwa sakafuni stooni, kichwa kimepasukia kwenye kona ya meza ya chuma. Watu walimwita Bwana Stoo, na hakuna aliyemwita kwa upendo. Ndani ya uzio siku hiyo walijulikana kuwepo watu wawili tu, yeye na mlinzi wa geti, ambaye ndiye aliyewapigia polisi simu saa kumi kamili. Wiki moja kabla, Bwana Stoo alikuwa amemwandikia mlinzi barua ya onyo kwa uzembe wa kuzunguka. Mlinzi alipoulizwa alisema, "Nilikuwa getini, nikaingia, nikamkuta amekufa." Baada ya hapo akafunga mdomo, na kwa miezi minane hakuufungua tena ila kwa kula.

Mlango wa stoo ulikuwa mmoja, nao ulikuwa na kitasa hiki. Ukigusa kadi upande wa nje unaingia, ukiigusa upande wa ndani unatoka, na kila mguso kitasa kinauandika. Waliokitengeneza walisema hakisomeki bila neno la siri. Neno la siri alilijua Bwana Stoo peke yake, akaondoka nalo. Waendesha mashtaka wakaona ya nini tabu, wakakitupa kwenye kabati la vielelezo. Hukumu ilipangwa Ijumaa, na leo ilikuwa Jumatano.

Sajini hakuamini kwamba yule mlinzi ameua. Kituoni walimcheka, wakasema uzee unamlainisha moyo. Yeye alishikilia kwamba mtu aliyeua hakai getini na kitambaa chake mapajani kusubiri gari la polisi. Lakini mlinzi mwenyewe hakumsaidia. Juzi alipomfuata mahabusu kumwambia kwamba jaji ameruhusu kitasa kifunguliwe, mzee yule alitikisa kichwa. "Acheni kitasa kilale, mama," alisema, akageukia ukutani. Binti yake naye alikuja kituoni kila Jumatatu kwa miezi minane, na neno lake lilikuwa moja tu: "Fungueni kitasa." Baba hataki, mtoto anataka. Sajini aliliona hilo na akaliweka kando, na hapo alikosea.

Hata leo binti alikuwa amekuja naye. Alikuwa barazani, ameketi kwenye gogo la kufungia malango, mkoba mapajani.

Fundi alikata lakiri, akafungua skrubu nne, akazipanga juu ya kipande cha karatasi.

"Betri ziko wapi?"

"Tunazitoa kwenye kila kielelezo, zisivuje," Sajini alisema.

"Mmefanya vizuri na mmefanya vibaya. Hazikuvuja, ila saa yake imesimama siku mliyozitoa. Hatutajua imepotea kiasi gani." Aliunga waya mbili, nyekundu na nyeusi, akawasha mashine ya kutolea umeme na kuiwekea kikomo. Kwenye kioo namba za volti zilianguka kutoka sita hadi karibu na sifuri.

"Imekuwaje?"

"Kuna kitu kinaunywa umeme wote kabla haujafika. Shoti."

"Unaweza kujua ni kipi? Viko vidude mia hapo."

Fundi alichovya mswaki mkuukuu kwenye spiriti, akailowesha bodi yote mpaka ikang'aa, kisha akawasha umeme tena na kuinama, pua inagusa. Sajini naye aliinama. Spiriti ilikaa bodi nzima, ila mahali pamoja, padogo kama punje ya ufuta, pakakauka ghafla.

"Yule pale mnywaji," Fundi alisema. "Mwenye joto hukausha nguo kwanza."

Alikuwa kapasita mmoja, kidude cha kuwekea umeme. Alimng'oa kwa chuma cha kulehemu, akamweka kwenye kifuko kidogo, na Sajini akakiandika kifuko namba, saa na sababu. Umeme ulipowashwa safari hii volti zilisimama sita kamili, na kitasa kikalia mara mbili, mlio mwembamba wa kitu kilichoamshwa. Barazani binti alisimama. Sajini alimwona kupitia dirishani, amesimama hivyo hivyo, hakusogea.

"Sasa kinataka neno la siri," Sajini alisema.

"Nacho hakitalipata. Ukikosea mara tatu kinafuta kila kitu. Hawa jamaa hawakuwa wajinga." Fundi alinyoosha kidole. "Hii chipu kubwa ndiyo bongo. Imefungwa, haisomeki, mkaidi kweli kweli. Lakini iangalie hii ndogo yenye miguu minane. Bongo likitaka kukumbuka jambo, linampa huyu akaandike. Na wakizungumza, wanazungumza wazi, njia nzima inasikia."

"Kwa hiyo hutauliza bongo."

"Nitamuuliza karani wake."

Alibandika koleo la waya nane juu ya ile chipu ndogo, akawasha osiloskopu kwanza ili ahakikishe kwamba kitu kinasema, na kwenye kioo cha kijani vikapanda na kushuka vimilima vya mraba, vingi, vya haraka. Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akahamishia waya kwenye kompyuta yake, na baada ya dakika nne namba zilianza kumiminika. Zilikuwa namba tupu. Fundi alikaa nazo saa nzima na penseli, akizihesabu na kuzikata mistari, na Sajini alikaa pembeni bila kumsemesha, kwa sababu aliwahi kumsemesha mhasibu akihesabu na anajua kilichotokea.

"Kila tukio lina mambo matatu," hatimaye Fundi alisema. "Namba ya kadi, kuingia au kutoka, na saa. Ila saa ni ya uongo. Kitasa kinadhani ni siku ya tatu ya mwezi wa kwanza wa mwaka usiojulikana. Waliobadilisha betri siku za nyuma hawakuiweka sawa."

"Kwa hiyo kazi bure."

"Nimesema saa ni ya uongo. Sikusema mwendo wake ni wa uongo. Inatembea vizuri, dakika zake ni dakika. Ningepata tukio moja tu ambalo saa yake ya kweli inajulikana, ningeyapanga mengine yote nyuma yake."

Sajini alifungua faili, akalamba kidole, akapekua. "Meneja alikuja akawafungulia askari kwa kadi kuu. Kitabu cha matukio kinasema saa kumi na moja na dakika tano jioni. Niliandika mimi mwenyewe."

"Kwa saa ipi?"

"Ya redio ya gari."

"Hiyo naiamini." Fundi alishika penseli. "Kadi kuu ni tukio la mwisho kabisa. Haya, tuteremke."

Aliandika taratibu, na Sajini alinakili kila mstari kwenye fomu yake, akiusoma kwa sauti kabla ya kuuandika.

Saa tisa kasoro dakika ishirini mchana, kadi mbili iliingia. Hiyo ilikuwa ya Bwana Stoo, na haikutoka tena.

Saa tisa na dakika kumi na moja, kadi saba iliingia. Hiyo ilikuwa ya mlinzi.

Saa tisa na dakika kumi na tisa, kadi saba iliingia.

"Umerudia mstari," Sajini alisema.

"Sikurudia."

"Fundi, mtu hawezi kuingia mara mbili bila kutoka katikati."

"Ndivyo kitasa kinavyosema. Na subiri." Penseli ilishuka. "Saa tisa na dakika ishirini na nne, kadi saba imetoka. Saa kumi kasoro dakika mbili, kadi saba imetoka. Basi. Kisha kadi kuu."

Sajini aliweka kalamu chini. Moyo ulimpiga, na ukweli ni kwamba ulimpiga kwa furaha. Kadi saba imeingia mara mbili na kutoka mara mbili. Kumbe zilikuwa kadi mbili zenye namba moja, na watu wawili! Kwa hiyo kulikuwa na mtu wa tatu ndani ya uzio, na miezi minane hii yote mlinzi alikuwa akioza mahabusu kwa ajili ya mtu aliyeghushi kadi yake.

"Kadi hizi zinanakilika?" aliuliza.

Fundi alimtazama kwa huruma. "Nipe hiyo ya shingoni mwako."

Ilikuwa kadi ya geti la kituo cha polisi. Sajini alisita, akampa. Fundi aliipitisha juu ya kidude kilichofanana na redio ya mfukoni, akachukua kadi nyeupe kutoka kwenye kopo, akaipitisha nayo, akampa zote mbili. Haikufika hata nusu dakika.

"Hii nyeupe itafungua geti lenu."

"Mungu wangu."

"Usimlaumu Mungu. Waliowauzia kitasa wamenunua kufuli za bei rahisi, wakaweka kibao cha 'usalama wa hali ya juu'. Mimi naonyesha hili kila Jumamosi. Wanapenda sana."

Sajini aliikata ile kadi nyeupe vipande vinne kwa mkasi wa fundi, akavitia mfukoni. Kisha akarudi kwenye orodha, maana furaha ya mpelelezi haipaswi kuzidi dakika tano. Kama mtu mwingine aliingia na nakala, nani aliingia kwanza? Aliomba matukio ya siku zilizotangulia. Ofisi ilimtaka mlinzi aingie stooni kila saa, azunguke, atoke, na kitasa ndicho kilichokuwa shahidi wa raundi zake. Fundi alimpa wiki mbili nzima.

Alizipitia mstari kwa mstari. Raundi za asubuhi zilichukua dakika nane, tisa, wakati mwingine kumi. Raundi za mchana, tangu saa saba na kuendelea, zilichukua dakika tatu.

"Fundi, mguu mbovu hupona mchana?"

"Mguu gani?"

"Mlinzi ana mguu uliovimba, anaukokota. Asubuhi anazunguka kwa dakika tisa. Mchana kwa tatu. Kila siku, wiki mbili."

"Basi mchana hakuwa yeye."

"Ndiyo. Mchana hakuwa yeye." Sajini alisema maneno hayo polepole, na furaha ile ikaanza kumtoka. Mwizi wa kadi haji kila mchana kumfanyia mlinzi kazi yake. Anayemfanyia mtu kazi yake kila mchana ni mtu wake. "Fundi. Mjini hapa ni nani mwingine mwenye kidude kama hicho chako?"

Fundi alianza kupanga skrubu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Nimekuuliza."

"Hakuna mwingine."

"Na wewe unamnakilia kila mtu?"

"Anayekuja na kadi mkononi ndiye mwenye kadi. Ningeanza kuuliza watu hati, ningekuwa serikali." Alisema hivyo kwa ukali wa mtu anayejua kwamba amekosa. Akavuta droo, akatoa daftari lenye jalada la kitambaa. "Lakini naandika. Kila kazi naiandika. Na kila nakala naipa namba yangu pembeni, kwa kalamu isiyofutika."

Daftari lilikuwa safi kuliko madaftari mengi ya polisi. Walipekua kurudi nyuma miezi minane, tisa, kumi. Kidole cha Fundi kilisimama. Sajini alisoma mwenyewe: *Nakala 41. Kadi ya stoo ya vipimo. Binti wa mlinzi. Anamsaidia baba raundi, baba mguu. Sikuchukua hela.*

"Ndiye huyo uliyemwacha barazani," Fundi alisema. "Aliponiamkia asubuhi nilijua nimewahi kumwona. Sikumkumbuka. Wengi wananiamkia."

Sajini alirudi kwenye faili, akatoa ripoti ya daktari, ambayo aliijua kwa moyo lakini alitaka kuiona kwa macho. Marehemu hakufa papo hapo. Damu ilivujia taratibu ndani ya kichwa. Aliendelea kuishi kwa dakika kati ya ishirini na arobaini. Na kama angefikishwa hospitali mapema, aliandika daktari, angekuwa na nafasi nzuri ya kupona. Sentensi hiyo hakuna aliyewahi kuijali, kwa kuwa mlinzi alisema alimkuta amekufa.

Raundi za mchana zilikuwa za binti, basi aliyeingia kwanza ni yeye, na sasa kitasa kilisema baba aliingia saa tisa na dakika kumi na tisa. Binti akatoka saa tisa na dakika ishirini na nne. Baba akatoka saa kumi kasoro dakika mbili, akapiga simu saa kumi.

"Dakika thelathini na nne," Sajini alisema.

"Za nini?" Fundi aliuliza.

"Za kukaa." Alisimama. "Hiyo saa yake, mwendo wake. Una hakika gani?"

Fundi alielewa anachoombwa. Hakupenda kuombwa hivyo, lakini alikuwa mtu mzima na alimwonea huruma. Alipeleka waya kwenye kijiwe kidogo kinachopiga hatua za saa ndani ya kitasa, akaufunga kwenye kihesabu chake, akasubiri namba zitulie. Akapima mara ya pili. Akapima ya tatu baada ya kukipasha joto kwa mkono, kwa sababu siku ile huenda kulikuwa na jua.

"Inapoteza sekunde mbili kwa siku," alisema. "Samahani, mama. La kuvunda halina ubani."

Sajini alimwita binti ndani. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba ndoo nyingi. Alisimama mlangoni akakitazama kitasa kilichofunuliwa matumbo mezani, akamtazama Sajini usoni.

"Kimesema?"

"Keti kwanza, mwanangu. Usiseme neno. Nataka nikuambie haki zako. Hulazimiki kusema chochote, na ukisema nitaandika, na nitakachoandika kitasomwa mahakamani. Unaweza kusubiri wakili."

Binti alifungua mkoba, akatoa kadi nyeupe, akaiweka mezani. Pembeni iliandikwa 41 kwa mwandiko wa Fundi.

"Nimekaa nayo miezi minane," alisema. "Baba aliniapisha. Kwa kaburi la mama. Kwamba mdomo wangu hautasema, si kwa polisi, si kwa mtu. Niliapa mdomo, Sajini. Kitasa sikukiapia. Nikasema kitanisema chenyewe, mimi nitaingia, yeye atatoka."

"Wakili..."

"Simtaki. Niliingia raundi ya saa tisa. Bwana Stoo alipitia geti la ofisini, hatukumwona. Akanikuta na hii. Akasema kumbe mlinzi analipwa kulala na mtoto ndiye anayezunguka, na kadi ya kughushi, na kesho baba hana kazi. Akaishika. Nami nikaishika. Tukavutana kama watoto. Nikamsukuma. Akaenda kinyumenyume mpaka kwenye ile meza. Nilipiga kelele, baba akaja."

Fundi aligeukia osiloskopu yake, akaizima. Sajini aliendelea kuandika.

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai! Alikuwa akinitazama, anapumua. Baba akanishika bega akasema, nenda nyumbani, mimi naita gari la wagonjwa. Nikaenda. Gari lilichelewa, si ndiyo? Siku zote huchelewa." Alitazama huku na huku kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyesikia mlango. "Kwa hiyo baba atatoka Ijumaa? Kama ni mimi niliyesukuma, yeye atatoka?"

Kulikuwa na njia za kusema jambo hili taratibu, na Sajini alizijua zote. Lakini binti angeisoma ile karatasi, au angesomewa. Akaigeuza upande wake, akaweka kidole kwenye mstari wa dakika ishirini na nne, kisha kwenye wa mwisho.

Binti alisoma. Alisoma tena, midomo ikicheza. Alihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, kama mtu ahesabuye siku.

"Alitoka saa kumi kasoro."

"Ndiyo."

"Simu alipiga saa ngapi?"

"Saa kumi kamili. Alitupigia sisi. Gari la wagonjwa halikuitwa."

"Alikuwa anafanya nini mle ndani?"

Sajini alikirudisha kidole kwenye mstari wa dakika ishirini na nne.

"Alikuwa anasubiri," binti alisema. "Alimngoja ili asiseme jina langu."

Hakulia. Sajini alitamani alie, maana ana dawa ya wanaolia. Anawapa maji, anawashika mkono, wanakwisha. Huyu alikaa wima na kuitazama ile karatasi aliyoipigania kila Jumatatu kwa miezi minane, na uso wake ulikuwa wa mtu mzima zaidi kuliko alipoingia. Angekubali kosa lake tangu mwanzo, lingekuwa ajali ya kuvutana, na baba angekuwa na dakika thelathini na nne zake peke yake, asizijue mtu. Sasa wote wawili walikuwa ndani ya karatasi moja, na hakuna aliyeweza kumtoa mwenzake.

Alimaliza kuandika maelezo, akayasoma kwa sauti, binti akasaini kila ukurasa. Fundi akasaini kama shahidi. Kitasa kikarudi mfukoni, kadi namba 41 kwenye kifuko chake, lakiri mpya ikapigwa.

"Sajini," binti alisema. "Baba asijue kwamba najua."

"Mwanangu, itasomwa Ijumaa."

"Yote?"

"Yote. Kwa sauti."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Kizimbani. Benchi moja naye."

Binti aliinama, akaufunga mkoba wake uliokuwa mtupu, akausukuma mezani karibu na vitu vya polisi. "Basi mwambie huyo anayesoma," alisema, "asome haraka."

Sajini alisema atamwambia. Alimjua karani wa mahakama, mtu mwangalifu, ambaye husoma kila saa na kila dakika mara mbili ili wote waliopo wasikie.